Siku ya Begi

Mtoto wa dada yangu alizaliwa na mdomo uliopasuka mpaka puani, na kabla hajaoshwa vizuri mama yangu alikuwa ameshafunga dirisha.

Hakusema mashaallah, hakuuliza mke au mume. Alifunga dirisha, akashusha na pazia, kisha akamwambia mkunga, "Hukuona kitu." Mkunga mwenyewe binamu yake, akajibu kwamba hakuona kitu. Dada yangu Mishi amelala kitandani hana hata nguvu ya kuuliza kuna nini, na mimi nimeshika beseni la maji ya moto, nimesimama tu.

Mama akamtazama yule mtoto, akanitazama mimi, akaketi sakafuni.

"Ni wewe huyu," akasema. "Ni wewe mtupu."

Hapo ndipo nilipojua. Mimi nina kovu, jembamba, linashuka kutoka puani hadi mdomo wa juu. Tangu nipate akili nimeambiwa kwamba nilipokuwa natambaa niliangukia mbuzi ya kukunia nazi. Likoni nzima inajua Tumu aliumwa na mbuzi. Miaka yote nimeketi kuichukia mbuzi ya watu bure, kumbe nilizaliwa hivi hivi, nikafichwa ndani, mpaka marehemu baba akanibeba akanipeleka kwa daktari wa askari wakati wa vita, nikashonwa. Niliporudishwa nyumbani ile hadithi ilikuwa tayari inaningoja.

"Kwa nini hukunambia?" nilimuuliza mama.

"Nikwambie ili iweje? Nyanya yako alipita nyumba kwa nyumba akisema nilimcheka kilema nikiwa na mimba yako. Wallahi sijamcheka mtu. Hata kisimani nilikuwa nikienda watu wakishatoka. Hayo nilitaka yaniishie mimi."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Siku nyingine bwana ukimtazama mamako vizuri hasira yenyewe inakuona mjinga.

Sasa nieleze kilichokuwa kikitutia hofu, maana bila ya hicho mtaona mamangu ni mtu mbaya, na si mbaya. Mwaka ule, sitini na moja, mimi nilikuwa nimeposwa na Sheikhan wa Kisauni, fundi wa injini katika feri. Nilikuwa nampenda. Nikisema nampenda nasema kweli kweli, si yale mapenzi ya kuambiwa na wazee huyu ndiye mumeo mpende. Nikivuka kwenda kujifunza cherehani kule ng'ambo, yeye alikuwa akipanda juu kutoka kwenye mashine zake, grisi mpaka kwenye masikio, asiseme neno, anasimama tu upande niliopo. Alipotuma watu kuniposa nilijifanya sijali, kisha nikaenda jikoni nikaunguza wali.

Harusi ilikuwa mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani. Na kwetu sisi, mtu akishaposa, wanawake wa kwao huja na begi: magauni ya bibi arusi, kanga, viatu, udi, manukato. Likishafunguliwa mbele ya majirani, mambo yamekwisha, hakuna wa kurudi nyuma. Begi langu lilikuwa lije Jumamosi baada ya alasiri, nalo lingeletwa na mamake Sheikhan, Bi Dhahabu. Bi Dhahabu huyu alishawahi kuivunja posa ya mwanawe mkubwa kwa sababu ami wa msichana alikuwa na mguu mfupi. Alikuwa anachagua wakwe kama anayechagua mbegu za mahindi, anapindua kila punje.

Ndiyo maana dirisha likafungwa. Mama alikata shauri: mzazi na mtoto hawaonekani mpaka arobaini itoke, na arobaini ikitoka mimi nitakuwa nimeshaolewa. Akika ya kumchinjia mtoto haikufanywa. Jina hakupewa, kwa sababu kumpa mtoto jina ni kuita watu.

Lakini njaa haingoji harusi. Yule mtoto alikuwa hawezi kunyonya. Akikamata ziwa halikamatiki, na tone likiingia linatokea puani, anapaliwa, anageuka rangi. Mama akasema ni kimio, kile kinyama cha kooni, aitwe mkata kimio Jumapili aje akikate, atanyonya. Nikamfungua mtoto kinywa nikamwonyesha.

"Tazama basi, mama. Kaakaa lenyewe limegawanyika. Kimio cha kukata kiko wapi?"

"Wewe tangu lini umekuwa mganga?"

Sikuwa mganga, ila nilikuwa nimeshakwenda kwa siri kwa Margret, nesi wa kliniki, mtu wa bara, mpole, anasema Kiswahili kama anahesabu maneno. Alinambia mtoto hana ugonjwa, ana njaa. Akanionyesha: mkalishe wima, mkamulie, mpe kwa kijiko kidogo, usimharakishe. Kisha akanambia kwamba katika hospitali kubwa ya kisiwani yuko daktari kutoka Nairobi anayeshona midomo ya namna hii, ila huja mara moja moja, na Jumamosi hiyo ndiyo siku yake ya mwisho mpaka Idi ipite.

Jumamosi. Siku ya begi.

Nilimwambia Mishi asubuhi ile, mama akiwa uani anapepeta mchele wa wageni. Dada yangu alikuwa amekonda, macho tu.

"Mchukue," akasema. "Mimi sijatoka arobaini, nikionekana barabarani mama atazimia."

"Na begi?"

Alimfunika mtoto vizuri. "Ndiyo maana mimi nilikuwa sikuombi," akasema.

Nikavaa buibui, nikajifunika uso, nikamtia mtoto ndani ya kanga, nikatoka.

Mwanamke aliyevaa buibui ni buibui tu, hivyo ndivyo nilivyojipa moyo nilipoingia kwenye feri. Nilijibanza pembeni, nyuma ya lori la makaa. Ila mtu aliyekupenda hahitaji uso wako, anajua unavyotembea. Hatujaondoka sawasawa nikasikia nyuma yangu:

"Tumu."

Nikaikaza kanga ya mtoto.

"Tumu, leo si siku yako ya kutoka. Mama na wenzake wanajitayarisha kuja kwenu."

"Najua. Nitarudi mapema."

"Umebeba nini?"

Ningeweza kusema maandazi. Sheikhan angeniamini, ndivyo alivyokuwa. "Mtoto wa Mishi," nikasema.

"Mishi amejifungua? Mbona sisi hatukuletewa habari?"

"Hakuletewa mtu."

Alicheka kidogo, akidhani namtania, na wakati ule ule mtoto akapaliwa. Ilinibidi nimtoe kwenye kanga, nimwinue wima, nimfute pua, nimpapase mgongo mpaka pumzi irudi. Kila kitu kikawa wazi pale, mchana, mbele ya Sheikhan na lori la makaa na watu wawili watatu waliogeuza shingo.

Sheikhan alitazama. Hakurudi nyuma, na hilo nitalisema siku zote. Aliipeleka mikono yake nyuma ili asije akamgusa na grisi.

"Subhanallah. Anaumwa?"

"Ana njaa. Amezaliwa hivi. Nampeleka kwa daktari."

"Maskini ya Mungu. Hili amelipata kwa nani?"

Nikafunua uso. Mbele ya watu, mwari wa kuolewa, nikafunua.

"Mtazame," nikasema, "kisha nitazame mimi."

"Tumu, jifunike, watu wanatazama."

"Wewe ndiye ninayekwambia utazame."

Akanitazama. Uso wangu alikuwa ameshauona, mara mbili tatu, dirishani, siku za posa, na lile kovu alikuwa akilifanyia mzaha kwamba ile mbuzi ilitangulia kunibusu. Sasa alikuwa akilitazama tena, na niliona fahamu zikimwingia kidogo kidogo.

"Uliniambia ni mbuzi," akasema polepole.

"Nilivyoambiwa ndivyo nilivyokwambia. Nimejua siku aliyozaliwa huyu."

"Wallahi?"

"Wallahi."

"Basi nakuamini," akasema, na moyo wangu ukapanda, jamani, ulipanda mpaka kooni. Kisha akaongeza, "Lakini mama hatakuamini."

"Sijamuuliza mama. Nakuuliza wewe."

"Nisikilize. Feri ikifika ng'ambo usishuke. Baki humu humu, rudi nayo. Mama aje, begi lifunguliwe, watu waone, yaishe. Tukishaoana, mtoto huyu nitambeba mimi mwenyewe, mchana, tena begani."

"Daktari anaondoka leo."

"Si atarudi?"

"Baada ya Idi. Mtazame mkono wake huu ulivyokonda, Sheikhan. Tunamlisha kwa kijiko na bado anakonda. Asipoonwa leo, huyu ataiona Idi?"

Aliutazama ule mkono.

"Nakuomba siku moja tu, Tumu. Siku moja, kwa ajili yangu."

"Siku hiyo si yangu. Ingekuwa yangu ningekupa, na mwaka juu yake."

Akajifuta uso kwa kiwiko. Aliinamisha kichwa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, na nafikiri alijitia nguvu kuuliza, "Na watoto wetu?"

"Wamefanya nini watoto wetu?"

"Nauliza tu. Watazaliwa hivi?"

"Sijui. Pengine mmoja. Pengine hakuna."

"Mimi ningewapenda."

"Ungewapenda wapi? Ndani, dirisha limefungwa?"

Niliona limemchoma. Ulimi wangu huu ndio ulioniletea mengi. Akasema, "Umenionea," nami nikajua ni kweli, nimemwonea kidogo, lakini si sana.

Feri ikagonga ng'ambo, mlango ukashushwa, lori la makaa likaanza kunguruma. Kutoka chini mtu akamwita kwa jina, arudi kwenye injini. Hakwenda.

"Tumu," akasema. "Ukishuka hapa…"

Nilimngoja amalize. Magari yakashuka, waenda kwa miguu wakashuka, wa kupanda wakaanza kupanda, na mimi nimesimama namtazama mdomo. Nilikuwa nataka aseme lolote, hata baya, nijue. Hakulimaliza. Nikajifunika uso nikashuka.

Nilikwenda njia nzima nikilia ndani ya buibui, na nilipofika hospitali nikanyamaza ghafla, kwa mshangao. Nilidhani ni sisi peke yetu duniani. Pale kwenye ukumbi wa kungojea palikuwa na mabenchi, na kwenye mabenchi wanawake, kila mmoja ana mtoto aliyefunikwa. Wametoka Kwale, wametoka Malindi, mmoja ametoka Taita kwa gari moshi. Tulitazamana kwa kuibia, kisha mmoja akamfunua wake, na mwingine akafunua, mpaka ukumbi mzima ukawa umefunua. Jirani yangu wa benchi, Nyamvula, alikuwa na mvulana mkubwa, meno ya utoto yameshamng'oka.

"Huyu nimemficha hata mvua haimjui," akanambia. "Nilikuwa sijui kama kuna mtu anayeyashona haya. Nimeambiwa juzi na karani wa chifu."

"Mimi nilishonwa," nikasema, nikamwonyesha.

Alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, mtu asiyenijua, akawaita na wenzake waje watazame. Nikageuzwa na kila mmoja. Sikuona haya. Ni mara ya kwanza uso wangu kumfurahisha mtu namna ile.

Daktari alikuwa Mzungu mwenye haraka, anasema kwa mkalimani. Alimtia mtoto kidole kinywani, akalipapasa lile kaakaa, akanitazama na mimi, akasema aliyenishona mimi alikuwa na mkono mzuri. Mdomo utashonwa kwanza, akasema, mtoto akishapata uzito. Kaakaa baadaye, akikua. Akataja tarehe: Jumatatu ya kwanza baada ya Idi.

"Jina la mtoto?" nesi akauliza.

"Hajapewa."

"Asiye na jina sitaweza kumwandika, dada."

Nikafikiri nirudi nikaulize. Nikamtazama mtoto. "Salme," nikasema, na ndivyo alivyoandikwa.

Niliporudi Likoni vigelegele vilisikika kutoka mbali. Wageni walikuwa wamewahi. Desturi ni kuingia kwa mlango wa uani, na nadhani mama alikuwa ameshausindika tu akinitarajia huko, nimtie mtoto ndani kimya kimya, nijipake uturi, nitokee. Miguu yangu ikanipeleka mlango wa mbele. Sikuipanga. Nilikuwa nimechoka kujificha, basi.

Begi lilikuwa wazi katikati ya ukumbi. Bi Dhahabu ameketi kando yake, majirani wamezunguka, kanga zinapitishwa mkono kwa mkono. Na Sheikhan alikuwa amesimama barazani, nje ya mlango. Alikuwa ameacha kazi akaja bado na nguo za mashine. Nilipompita alisema kwa chini sana, "Sijamwambia mtu." Nikaelewa. Alikuwa ananipa nafasi.

"Shikamoo, Bi Dhahabu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Bibi arusi watoka wapi saa hizi?"

Mtoto akalia. Kilio chake kilikuwa kinatokea puani, hakifichiki. Bi Dhahabu akanyoosha mikono, kama afanyavyo mwanamke yeyote mzima akisikia mtoto mchanga, nikampa. Akafungua kanga.

Kanga zilizokuwa zikipitishwa zikasimama mikononi mwa watu.

"Yuwatoka wapi huyu?" akauliza.

Mama akajibu haraka, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Ni wa Mishi. Ni huko kwa mumewe, Khamis. Ukoo wao ndivyo walivyo. Sisi tulikuwa hatujui."

Khamis alikuwa mpishi wa meli, yuko baharini miezi, hawezi kujitetea. Bi Dhahabu akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini," akasema. "Hakuchunguzwa huyo mume." Akamrudisha mtoto kwangu, taratibu, na mkono wake ukaenda tena kwenye begi, akatoa gauni jingine.

Ilikuwa imepita. Ningenyamaza tu. Sheikhan alikuwa ananitazama kupitia mlangoni, na macho yake yalikuwa yananiomba, yananiomba kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, ninyamaze. Nilimpenda wakati ule kuliko siku yoyote. Lakini chumbani, nyuma ya pazia, nilimsikia Mishi. Hakuwa akilia kwa sauti. Mumewe atarudi akute anasemwa mji mzima kwa jambo lisilokuwa lake, na huyu mtoto atakuwa ndiye aliyevunja nyumba ya mamake.

"Si kwa Khamis," nikasema.

"Tumu," mama akaita.

"Ni kwetu. Mimi nilizaliwa hivi hivi, nikashonwa. Mbuzi haikuniuma. Anaitwa Salme, na nimetoka kumpeleka hospitali."

Bi Dhahabu alinitazama mdomo muda mrefu. Sitamsingizia, hakutukana. Alianza kuzikunja kanga moja moja, vizuri, upindo kwa upindo.

"Mimi sina ubaya na mtoto," akasema. "Mungu huumba apendavyo. Lakini mmeniita nifungue begi juu ya uongo, mbele ya watu, na ningaliondoka hapa nikicheka." Akalifunga. Mama alikuwa amejifunika uso kwa ukaya wake wa kichwani, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekuwa mzee.

Sheikhan akaingia. Akalikamata lile begi, nami nikadhani atalifungua. Akalitweka begani. Mamake akatangulia, majirani wakapisha, naye akafuata. Mlangoni akageuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Nipe muda, Tumu."

"Chukua," nikasema. "Mimi tarehe nimeshapewa."

Akatoka. Nikamkalisha Salme wima kifuani kwangu, nikaenda chumbani kwa Mishi, nikalifungua dirisha, na hapo ndipo nilipomwona Sheikhan anakwenda na begi langu mpaka akapotea njiapanda. Nililia mbele ya dada yangu, mbele ya mtoto, mbele ya kila aliyepita njiani akataka kutazama.